Nusu ya Treni

Ubavuni kiliandikwa herufi moja na tarakimu nne,
rangi nyeupe, mwandiko wa karani wa Nairobi.
Hakuna aliyeisoma ile namba.
Kwetu chombo hakiji na jina lake,
hulipewa na wanaokingoja.

Kisian walisema Kiberenge, wakamaliza.
Lela kilikuwa Kikohozi,
maana kifua chake kilisikika kabla hakijaonekana,
na ajuza mmoja wa pale, kila kilipopita,
alikiambia pole.
Wavulana wa Maseno, wenye Kiingereza na njaa,
wakakibatiza Bwana Nusu:
nusu basi, nusu treni,
nusu yake upande huu wa Ikweta, nusu ng'ambo,
na nauli nusu kwa kila mwenye kaptura,
hata kama kaptura ina ndevu.

Luanda, siku ya soko, kiliitwa Shemeji,
kwani hakikatai mzigo
wala hakifiki mikono mitupu.
Kuku chini ya viti, mkungu wa ndizi mapajani mwa mtu asiyeujua,
sufuria mpya zikigongana kila pingili ya reli.

Sisi wa Yala tulikiita Mbuzi.
Kikiona mwinuko kiliinamisha kichwa, kikafikiri.
Kikishindwa tulishuka kusukuma,
wenye tiketi wakisukuma,
waliodandia wamekaa.

Na Butere, reli inapokwisha, jina lilikuwa Kesho.
Kinakuja lini? Kesho.
Kikaja kesho kweli, ila jioni yake.

Dereva Hezron Ambani hayakumpendeza majina hayo.
Yeye alisema "Gari," kwa heshima,
akakifuta vioo kwa gazeti lenye mate,
na mtu akitaja Mbuzi mbele yake
alipiga honi ndefu, isiyo na sababu.

Mwaka wa mvua nyingi mama yangu, Truphosa,
alikipanda Yala na tumbo la miezi tisa
akaelekea Kisumu, hospitali kubwa.
Tumbo halikungoja Kisumu.
Kati ya Luanda na Maseno, penye miwa pande zote,
Ambani akasimamisha bila kuulizwa.
Leso zikafungwa kiti kwa kiti,
wanaume wakatumwa nje wakatazame mawingu.
Injini hakuizima. Aliogopa haitawaka tena.
Ndiyo maana, husema mama,
kilio changu hakuna aliyekisikia,
walimwona tu mtoto amefungua kinywa
na Kikohozi kinamjibia.

Kondakta Odhuno akahesabu abiria upya.
Arobaini, na mmoja.
Mtu wa kanuni yule: akanikatia tiketi.
Penye "Kwenda" akaandika Kisumu.
Penye "Kutoka" akashika kalamu muda mrefu,
akaacha wazi.

Kanisani niliandikwa Dorsila.
Hakuna aliyelisoma.
Nimefundisha hesabu miaka thelathini na miwili
nikiitwa Mwalimu Kiberenge,
na nikichelewa darasani, watoto
ambao hawajawahi kukiona
walikohoa pamoja, polepole, kama kinapanda mlima.

Sijui kilikoma siku gani.
Hakuna aliyeaga. Ratiba ilibaki ukutani stesheni
hadi nyigu wakajenga juu ya saa za asubuhi.
Majani yakafunika mataruma,
majirani wakaanika mahindi katikati ya reli,
na Ambani, amestaafu, alikuja Jumapili
kusimama hapo na gazeti mkononi.

Siku hizi wamefyeka njia.
Treni inapita, ndefu, nzima,
ina namba ubavuni.
Nimesikiliza sana vituoni. Bado haijaitwa kitu.

Alhamisi iliyopita, Luanda, nikichagua nyanya,
mwanamke wa upande wa pili wa soko alipaza sauti:
"Kiberenge!"
Nikainua mkono.
Lakini wenye mvi wote, na vikapu vyao,
walikuwa wamekwisha kugeuka,
si kwangu,
upande wa reli.